Ruta Imerisetiwa, Wi-Fi Inaonekana, Intaneti Haipo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Nyumba ina laini ya faiba. Ukutani kuna kisanduku cha mtoa huduma kinachopokea uzi wa faiba, na kutoka hapo kebo fupi ya mtandao inaingia kwenye ruta ambayo wenye nyumba walijinunulia. Ruta hiyo inategemewa na simu kadhaa, kompyuta mbili, runinga, printa na kamera ya getini. Lalamiko la awali lilikuwa dogo: kila jioni Wi-Fi ya chumba cha mwisho ilisuasua. Mmoja wao akachukua pini, akabonyeza kitufe kilichofichwa ndani ya tundu nyuma ya ruta, akakishikilia mpaka taa zote zikawaka kwa pamoja na kuzimika.

Ruta ilipoamka, jina la Wi-Fi walilolizoea halikuwepo tena. Badala yake lilitokea jina la kiwandani, lile lililochapwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Nywila ya kibandiko ikakubali, simu ikaungana, lakini ikaandika kwamba hakuna intaneti. Wakairiseti tena. Mambo yakawa yale yale, na printa na kamera nazo hazikuonekana popote.

Riseti ya pili ilikuwa kazi bure, kwa sababu kilichokwisha kufutwa hakifutiki mara mbili. Kuzima na kuwasha ruta husafisha kumbukumbu ya muda tu na kuacha mipangilio ilivyo. Riseti ya kiwandani hufuta mipangilio yenyewe, na hapo vinapotea vitu vya aina tatu: vile vinavyomtambulisha mteja kwa mtoa huduma, vile vinavyoitambulisha Wi-Fi kwa vifaa vya nyumbani, na mpangilio wa anwani za ndani. Toleo la programu ya ruta halirudi nyuma. Kama ruta ilisasishwa mwezi uliopita, itabaki na toleo hilo jipya, kwa hiyo anayeriseti akitarajia kuondoa hitilafu iliyoletwa na sasisho hapati alichokitaka.

Katika kisa hiki vyote vitatu vilipotea kwa mpigo, na ndiyo maana dalili zilionekana nyingi na zenye kuchanganya. Utaratibu unaofaa ni kuanzia nje kuja ndani: kwanza laini ya mtoa huduma, kisha anwani za ndani, halafu Wi-Fi. Ukianza na kamera wakati ruta yenyewe haijapata intaneti, utazunguka mchana kutwa.

Kuingia ndani ya ruta

Jaribio la kwanza lilifanywa kwa simu. Mtumiaji aliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, anwani aliyoitumia siku zote, na ukurasa ukagoma kufunguka. Sababu zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni simu yenyewe. Ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, simu nyingi huhamia data ya mtandao wa simu kimyakimya, ingawa alama ya Wi-Fi bado inaonekana juu ya skrini. Ombi la kufungua ukurasa wa ruta linatoka nje kupitia mnara, na huko ruta haipo. Zima data kabisa, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, ikubalie. Afadhali zaidi ni kutumia kompyuta na kebo, iliyochomekwa kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani. Tundu la WAN, yaani la upande wa mtoa huduma, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na wenzake, liache kwa ajili ya kisanduku cha faiba.

Ya pili ni kwamba anwani ilikuwa imebadilika. Ruta hii ilitoka kiwandani ikiwa na 192.168.0.1, na 192.168.1.1 iliwekwa na mtu siku ilipofungwa kwa mara ya kwanza. Riseti ikairudisha ya mwanzo. Usikisie anwani, iulize kompyuta. Kwenye Windows andika ipconfig ndani ya dirisha la amri, utazame mstari wa "Default Gateway". Kwenye Linux andika ip route. Kwenye simu fungua maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo. Namba inayotajwa kuwa lango ndiyo anwani ya ruta. Kama kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na mtu yeyote: ama kebo iko kwenye tundu lisilo lake, ama ruta haijamaliza kuwaka.

Anza na http:// unapoandika anwani, la sivyo vivinjari vingine vitaipeleka kwenye utafutaji au kulazimisha njia salama ambayo ruta haina. Ruta ikitumia https, kivinjari kitatoa onyo la cheti, kwa kuwa cheti hicho ruta imejitengenezea. Kwa kifaa kilicho mbele yako, ndani ya nyumba yako, onyo hilo halina shida.

Anwani ya WAN inasema nini

Mchawi wa usanidi, yaani kurasa zinazokuongoza hatua kwa hatua kuipanga ruta, ulitokea, ukataka nywila mpya ya msimamizi na saa za eneo, kisha ukajaribu kutambua wenyewe aina ya muunganisho. Ukaamua "Dynamic IP", yaani ruta iombe anwani kwa mtoa huduma na kusubiri. Mchawi huu ni wa kuaminiwa nusu nusu. Ukikosa jibu lolote, mara nyingi huchagua aina hiyo kwa sababu tu haihitaji kujazwa kitu, na mtumiaji anaona "imekamilika" akidhani kazi imeisha.

Ukurasa wa kutazama ni ule wa hali ya ruta, penye anwani ya WAN. Namba hiyo moja inapunguza maswali yote hadi mawili au matatu. Ikiwa ni 0.0.0.0, hakuna aliyeijibu ruta: chunguza kebo, aina ya muunganisho, au utambulisho. Ikianza na 192.168 au 10, mara nyingi kisanduku cha mtoa huduma nacho kinafanya kazi ya ruta, kwa hiyo una ruta mbili zilizopangana. Mpangilio huo kwa kawaida hufanya kazi, ila pande mbili zikitumia safu moja ya anwani, tuseme zote 192.168.1, ruta haijui ipeleke pakiti (vifurushi vidogo vya data) upande gani, na intaneti inakufa. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Intaneti itakuwepo, lakini kufungua milango (ports) kwenye ruta ili uione kamera ukiwa nje hakutafanikiwa hata ukihangaika vipi. Na kama ni anwani ya kawaida ya intaneti lakini kurasa hazifunguki, geukia DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Hapa ilikuwa 0.0.0.0.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, taa za kisanduku cha faiba ziliangaliwa. Taa ya PON (muunganisho wa faiba) ilikuwa imetulia bila kupepesa, taa ya LOS (kupotea kwa mawimbi ya faiba) imezimika, na ile ya tundu la mtandao inawaka. Hilo linatosha kuuondoa uzi wa faiba kwenye orodha ya washukiwa. LOS ikiwaka nyekundu, hakuna cha kurekebisha kwenye ruta. Mpigie mtoa huduma. Kebo nayo ilijaribiwa kwa kubadilishwa na nyingine, taa zikabaki vilevile.

Kompyuta ilipochomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku, ikajipa 169.254. Jaribio hili lina mtego wake. Kuna watoa huduma wanaokumbuka kifaa cha kwanza kilichounganishwa, kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao), na kukataa kingine mpaka kisanduku kizimwe kwa dakika chache. Kwa hiyo kisanduku kilizimwa, kikaachwa kidogo na kuwashwa kompyuta ikiwa tayari imechomekwa. Jibu halikubadilika. Hapo ikawa wazi kwamba laini hii haitoi anwani kwa kila anayeomba, na kwamba "Dynamic IP" ya mchawi ilikuwa kosa.

Hodi isiyoitikiwa

Karatasi za mkataba zilikuwa na jina la mtumiaji lenye alama ya @ katikati, pamoja na nywila. Hiyo ni PPPoE, njia ya mwaka 1999 ambayo bado watoa huduma wengi wanaitumia: ruta inamtafuta seva, inafungua kikao, inajitambulisha, ndipo inapewa anwani. Jina liliandikwa lote, pamoja na sehemu iliyo baada ya @, ambayo watu huiacha wakidhani ni barua pepe. Nywila ikaandikwa kwa mkono, si kwa kunakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, kwa kuwa kunakili hubeba nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni na seva inaihesabu. Herufi za kuchunga ni l ndogo na tarakimu 1, na O kubwa na sifuri.

Anwani ikabaki 0.0.0.0.

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Wanaandika nywila upya, wanaiandika tena, kisha wanampigia mtoa huduma kudai ibadilishwe. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo, ukurasa ambao kwenye ruta nyingi unaitwa "System Log". Mistari ilikuwa inajirudia: ruta inatuma PADI, inasubiri, inatuma PADI tena. (Usishtuke ukikuta mistari ina tarehe ya Januari 1970. Ruta nyingi hazina betri ya saa, na mpaka zipate intaneti hazijui leo ni lini.)

Kikao cha PPPoE hufunguliwa kwa hatua nne. Ruta inapaza PADI, ikiuliza kama kuna seva. Seva inajibu PADO. Ruta inaomba kwa PADR, seva inathibitisha kwa PADS. Jina na nywila havitumwi mpaka hatua hizo zikamilike. Kupiga hodi usiitikiwe ni tofauti na kuitikiwa kisha ukaambiwa huingii. Nywila ingekuwa mbovu, kumbukumbu zingeonyesha PADO na PADS, halafu kukataliwa kwenye PAP au CHAP, njia za kukagua nywila. PADI peke yake ina maana kwamba nywila haijawahi hata kuangaliwa. Seva haisikii kabisa.

Kwenye faiba, taa zote zikiwa sawa, sababu ya kwanza ya kushuku kwa ukimya wa namna hiyo ni VLAN, namba inayotenganisha huduma zinazopita kwenye laini moja. Mtoa huduma hupitisha intaneti, simu za mezani na runinga kwenye uzi mmoja, kila huduma ikiwa na namba yake kati ya 1 na 4094. Pakiti isiyobeba namba sahihi hutupwa bila taarifa. Visanduku vingine huweka namba hiyo vyenyewe, na hapo mteja hajui hata kama ipo. Vingine huiachia ruta, na riseti huifuta pamoja na mengine yote. Namba hutofautiana kwa kila mtoa huduma na haikisiki.

Mtoa huduma alipigiwa simu. Swali la "mbona sina intaneti" humfanya mhudumu akwambie uzime na uwashe. Maswali yenye faida ni haya: laini yangu ni ya aina gani, intaneti inapita kwenye VLAN namba ngapi, na je, mmeifunga kwa MAC ya kifaa fulani? Namba ikatajwa, ikawekwa kwenye sehemu ya VLAN ya ukurasa wa WAN (kwenye ruta nyingine imefichwa chini ya kichwa cha "IPTV", ingawa ni ya intaneti), na ndani ya sekunde chache anwani ikaonekana.

Kama ingekuja PADO, kisha seva ikadai kwamba akaunti tayari inatumika, dawa ingekuwa kusubiri. Riseti hukata kikao bila kuaga, na seva inaweza kuendelea kukihesabu kikao cha zamani kuwa hai kwa muda. Kuzima ruta kwa dakika kadhaa hutosha mara nyingi.

Baadhi ya kurasa zinafunguka, nyingine zinakwama

Furaha haikudumu. Utafutaji ulifanya kazi, ujumbe ukatumwa, lakini kurasa kadhaa zilianza kufunguka na kusimama katikati. Dalili hii, vidogo vinapita na vikubwa vinakwama, inaelekeza kwenye MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Kwa kawaida ni baiti 1500. PPPoE inachukua 8 kwa ajili ya kichwa chake, zinabaki 1492. Ruta ilikuwa imebaki na 1500 kutokana na "Dynamic IP" ya mwanzo.

Uthibitisho ni wa amri moja. Kwenye Windows, ping -f -l 1472 ikifuatiwa na anwani ya nje hutuma pakiti isiyoruhusiwa kukatwa vipande. 1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1500 kamili. Hiyo ilipotea. Kwa 1464, ambayo jumla yake ni 1492, jibu lilirudi. Kwenye Linux amri ni ping -M do -s 1464, na kwenye Mac ni ping -D -s 1464. MTU ikawekwa 1492, ruta ikaunganishwa upya, na kurasa zilizokuwa zinakwama zikafunguka zote.

Printa, kamera na majina ya zamani

Printa ilikuwa imepewa anwani ya kudumu ndani yake yenyewe, 192.168.1.50. Ruta sasa inasimamia 192.168.0. Hata printa ikiunganishwa kwa kebo, hizo mbili hazionani. Unaweza kwenda kwenye kila kifaa chenye anwani ya kudumu ukaibadilisha, au ukabadilisha sehemu moja: anwani ya LAN ya ruta. Ilirudishwa 192.168.1.1, na ugawaji wa anwani ukawekwa kuanzia .100 hadi .199 ili .50 isije ikapewa simu ya mgeni. Ukibofya kuhifadhi, ukurasa utaganda. Haujaharibika, ruta imehama anwani. Chomoa kebo ya kompyuta, ichomeke tena, ingia kwa anwani mpya.

Kwa siku za mbele ni bora printa iombe anwani kama wengine, na ruta ndiyo iitengee .50 kwa MAC yake. Kwa simu hilo lina ugumu wake, kwani Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia MAC ya kubuni kwa kila jina la Wi-Fi. Jina jipya huleta MAC mpya, na kile ulichoitengea simu kinapotea.

Kuhusu Wi-Fi, njia ya mkato ambayo haitajwi vya kutosha ni kurudisha jina na nywila za zamani kama zilivyokuwa, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Simu, kompyuta na runinga zikarudi zenyewe bila kuguswa. Sababu pekee ya kutofanya hivyo ni kama nywila ya zamani ilikuwa imesambaa kwa watu usiowataka.

Kamera haikurudi. Mchawi ulikuwa umeweka usalama wa WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi inayofuata WPA2, na kuunganisha bendi zote mbili, GHz 2.4 na GHz 5, chini ya jina moja. Kamera ni ya GHz 2.4 na inajua WPA2 tu. Usalama ulipowekwa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, ikaungana. Vifaa vingine vya zamani hukwama hata kwenye mchanganyiko huo. Kwa vifaa hivyo tumia WPA2 ya AES (aina ya usimbaji), au vitengenezee mtandao wa pili wa GHz 2.4. Usishuke hadi WPA ya kwanza au WEP kwa ajili ya kifaa kimoja.

Bendi ya GHz 5 nayo ilichelewa kuonekana baada ya kila badiliko, na wenye nyumba wakaanza kuhofia kuwa imekufa. Kwenye chaneli 52 hadi 64, na kuanzia 100 kwenda juu mpaka 144, ruta hulazimika kusikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kutangaza jina. Subiri, au chagua chaneli kati ya 36 na 48.

Chumba cha mwisho

Lalamiko lililoanzisha yote bado lilikuwepo jioni ile ile. Riseti isingeweza kuliondoa, maana chanzo hakikuwa ndani ya mipangilio iliyoharibika. Ruta ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya runinga, upande wa pili wa nyumba. Simu iliyo chumba cha mwisho hushikilia GHz 2.4, kwa kuwa GHz 5 hufifia haraka ikipita kuta, na jioni bendi ya GHz 2.4 hujaa ruta za majirani. Riseti iliiongezea shida: upana wa chaneli ulirudi kwenye "Auto", ambao uliruhusu MHz 40, hivyo ruta ikawa inagusana na majirani wengi zaidi.

Upana ukawekwa MHz 20. Kwa programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu, chumbani humo humo, ikaonekana chaneli 6 imejaa na 11 ina nafasi. Kati ya 1, 6 na 11 ndimo mwa kuchagua, kwani zilizo katikati yao huingiliana na pande zote mbili. Ruta ikatolewa kabatini na kuwekwa juu, koridoni, kwa kebo ndefu zaidi kutoka kwenye kisanduku. Kusuasua kukapungua kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa nyumba ndefu zaidi ya hiyo, suluhisho ni kifaa cha pili kilichowekwa hali ya kituo cha Wi-Fi na kuvutiwa kebo, ugawaji wake wa anwani ukiwa umezimwa.

Kabla ya kuondoka kwenye ukurasa wa ruta, usimamizi kutoka nje ulizimwa, WPS (kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila nywila) ikazimwa, na mtandao wa wageni ukaundwa upya kwa sababu nao ulifutika. Kisha mipangilio ikahifadhiwa kama faili kwenye kompyuta, na ukurasa wa WAN ukapigwa picha, ukionyesha aina ya muunganisho, jina la mtumiaji, namba ya VLAN na MTU. Picha hiyo ina faida hata pale faili inaposhindwa, kwani faili ya mipangilio kwa kawaida hukubaliwa na ruta ya modeli ile ile tu, na pengine toleo lile lile la programu. Nywila ya PPPoE haionekani kwenye picha kwa kuwa skrini huificha kwa nukta, iandikwe pembeni. Faili na picha vitunzwe mahali pasipo wazi kwa kila mtu, kwani kwenye ruta nyingi nywila zote zimo ndani ya faili hiyo.